Ukitaka kufundisha tofauti za lugha, anza na "ako"

Msomaji anauliza: "Nafundisha Kiswahili katika chuo cha ualimu hapa Nairobi. Muhula ujao nimepangiwa isimujamii, yaani somo la lugha na jamii, nami ningependa wanafunzi wafanye utafiti wao wenyewe juu ya tofauti za lugha badala ya kukariri maelezo yangu. Mwenzangu idarani ananiambia nitakuwa nawafunza walimu wa kesho kuhalalisha makosa. Nianzie wapi? Insha zao nizisahihishe vipi? Na nina wanafunzi wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Lamu, ambao siku hizi hawafungui mdomo darasani kwa sababu wenzao huwacheka."

Mwalimu mwenzangu, nianze na huyo mwenzako wa idarani, maana hofu yake si ya kupuuzwa. Wanafunzi wako watakwenda kusimama mbele ya watoto watakaotahiniwa kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu asipokimudu, watoto ndio wanaoumia. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachokipinga ni dhana kwamba mtu hukimudu Kiswahili sanifu kwa kukifumbia macho kile anachokisema kila siku. Mwalimu anayeweza kuieleza kanuni ya lile analoliita kosa ndiye anayeweza kumvusha mtoto kutoka hapo alipo. Asiyeweza huishia kuandika "sarufi mbovu" pambizoni, na mtoto anarudishiwa daftari bila kujua kilichoharibika ni kipi.

Sasa, uanzie wapi. Ushauri wangu wa kwanza huenda ukakushangaza: usianze na Sheng, lugha ya vijana wa mitaa ya Nairobi. Najua inavutia. Ukiitaja tu darasa linachangamka, na kufikia mwisho wa kipindi ubao umejaa majina ya pesa kama mbao, finje, soo, thao na jirongo, kila mtu akiwa na neno la mtaani kwao. Lakini orodha ya maneno haimfunzi mwanafunzi jinsi lugha inavyofanya kazi. Kibaya zaidi, inampa yule aliyelelewa mbali na Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ruhusa ya kuamini kwamba tofauti za lugha ni mambo ya vijana wa mitaa fulani, na kwamba yeye huzungumza "Kiswahili cha kawaida" kisicho na lolote la kuchunguzwa. Sheng ina nafasi yake, na iko kazi nzuri ya kuiegemea. Watafiti Abdulaziz na Osinde waliandika juu yake mwaka 1997, na Peter Githinji akaonyesha mwaka 2006 jinsi msamiati wake unavyotofautiana kutoka maskani moja hadi nyingine. Iache mpaka katikati ya muhula, wanafunzi wakishajua kutafuta kanuni. Kwanza washike sarufi ambayo wote wanaitumia, pamoja na wewe na mimi tukiwa nje ya darasa.

Andika sentensi hii ubaoni: "Mwalimu mwenye alitufunza ako kwa ofisi." Waulize ni wangapi wameisikia wiki hii. Kisha waulize ni wangapi wameisema. Mikono ya mara ya pili itakuwa michache, na hapo hapo una data yako ya kwanza kuhusu mitazamo ya lugha.

Wakishaisahihisha kuwa "Mwalimu aliyetufunza yuko ofisini", usifute. Chukua hiyo "ako" peke yake. Waandike niko, uko, tuko, mko, wako, kisha waendelee na ngeli nyingine: kiko, liko, iko, ziko. Kila mahali ni kiambishi cha nafsi au cha ngeli kikifuatwa na -ko. Sasa waulize kiambishi cha nafsi ya tatu umoja ni kipi katika anasoma, alisoma, atasoma. Ni a-. Basi kwa mantiki hiyo hiyo tungetarajia nini mbele ya -ko? Darasa hunyamaza kidogo hapa, maana jibu ni "ako". Umbo lisilofuata mkondo wa wenzake ni "yuko". Yu- ni kiambishi cha zamani ambacho katika sanifu kimebaki sehemu chache tu, kama yuko, yupo, yumo na "yu mgonjwa". Pwani bado kina maisha yake, ambapo utamsikia mtu akisema "yuwaja" pale ambapo sanifu ina "anakuja". Wana-Nairobi walichofanya ni kuisawazisha safu. Mtoto wa darasa la nne anayeandika "ako" hajakosa kufikiri. Amefikiri vizuri sana, isipokuwa hajafundishwa kwamba sanifu ina ubaguzi mahali hapo. Mwalimu akilijua hilo, somo lake linakuwa fupi: "Safu nzima iko sawa, ila hapa sanifu inataka yu-." Somo hilo mtoto hulishika.

Kwa "mwenye" nenda polepole zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye utajiri. Katika Kiswahili cha Nairobi, -enye imepewa kazi ya kirejeshi: mtu mwenye alikuja, watu wenye walikuja, kitu yenye nilinunua, vitu zenye nilinunua. Angalia upatanisho. Watu wana umoja na wingi wao kama kawaida, ila vitu vimekusanywa chini ya viambishi viwili, i- kwa umoja na zi- kwa wingi, bila kujali ngeli: kitabu yangu, vitabu zangu. Nani aliyewafundisha? Hakuna. Wanafuata kanuni ambayo hakuna kitabu cha shule kinachowapa. Na kanuni hii ni daraja zuri la kufundishia, kwa sababu -enye hukaa mahali pale pale panapokaa amba-. Kutoka "mtu mwenye alikuja" hadi "mtu ambaye alikuja" ni kubadili neno moja tu na kuacha sentensi ilivyo. Mtoto akishazoea hapo, ndipo umwingize ndani ya kitenzi: "mtu aliyekuja". Walimu wengi huanza moja kwa moja na -ye- ya ndani, hatua iliyo ngumu kuliko zote, kisha wanashangaa darasa likikwama.

"Kwa ofisi" iache iwe swali la utafiti. Mtu yule yule anayesema "kwa ofisi" na "kwa meza" husema "nyumbani" bila kusita. Ni majina yapi yanayoshikilia -ni na yapi yameiachia? Je, wazee na vijana wako sawa? Jibu halimo kitabuni, na mwanafunzi wako wa mwaka wa kwanza anaweza kulisogelea kwa kusikiliza tu.

Halafu kuna -ang- ya jambo la mazoea. "Anakunywanga chai." Sanifu husema "hunywa chai", lakini hu- haivai nafsi: mimi hunywa, wewe hunywa, wao hunywa. Kiambishi cha Nairobi huiacha nafsi na wakati mahali pake, ndiyo maana mtu aweza kusema "nilikuwa nakujanga hapa". Hata kukanusha kunawezekana, na mwisho wa kitenzi unabadilika ipasavyo: "sipendangi". Mwanafunzi anayezungumza Kikuyu nyumbani atakumbuka -ag- yake, na anayezungumza Kiluhya atakumbuka -nga. Waache wasimame waeleze. Katika darasa la chuo cha ualimu, ambapo wanafunzi wameletwa pamoja kutoka kaunti nyingi, lugha zao za mama ni hazina, na hatutumii hata robo yake.

Pale wanapoanza kuuliza "kwa hiyo sanifu ni nini?", wape historia kwa ufupi. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili cha kufundishia katika nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Uingereza, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisimamia. Kimvita, lahaja ya Mombasa iliyokuwa na washairi wakubwa, hakikuchaguliwa. Uamuzi huo ulifanywa na watu kwa sababu za utawala na uchapishaji, na umetupa lugha tunayoweza kusomeshana na kuandikiana kutoka Lamu hadi Kigoma. Faida hiyo ni kubwa. Haimaanishi kwamba lahaja ambazo hazikuchaguliwa zilikuwa na kasoro.

Mwenzako akiendelea kushikilia, mkumbushe kwamba isimujamii imo katika mtihani tayari. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, huitengea alama 10 kati ya 80. Ila inavyofundishwa shuleni, imekuwa orodha ya sifa za sajili, yaani lugha ya mahali au shughuli fulani: ya hospitali, ya sokoni, ya matatuni, na kila moja ina "kuchanganya ndimi" na "matumizi ya misimu". Mtoto hukariri sifa za sajili ya sokoni bila kutumwa hata siku moja kusikiliza soko. Walimu unaowaandaa wewe wanaweza kulibadilisha hilo.

Sasa utafiti wenyewe. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alikwenda katika maduka matatu makubwa ya New York: Saks yenye wateja wa tabaka la juu, Macy's ya watu wa kati, na S. Klein ya bei nafuu. Alimuuliza mfanyakazi mahali pa bidhaa ambayo alijua fika iko ghorofa ya nne. Jibu la Kiingereza, "fourth floor", lilikuwa na sauti ya r mara mbili, nayo r ndiyo aliyokuwa akiiwinda. Kisha alijifanya hakusikia ili apate jibu la mara ya pili, lililotamkwa kwa uangalifu zaidi, akaenda kando na kuandika. Alikusanya watu 264 kwa njia hiyo, na r ilipanda kadiri duka lilivyopanda hadhi.

Wanafunzi wako wanaweza kufanya jambo kama hilo hapa bila senti ya ziada. Swali ni moja: "Mwenye duka?" Halina kitenzi, kwa hiyo halimwekei mtu jibu mdomoni. Anayehudumu akisema "Ako ndani" au "Yuko ndani", umepata. Ukisema "Eeh?" kana kwamba hukusikia, unapata jibu la pili. Wagawe wawili wawili: Eastleigh, Kawangware, South C, Kariobangi, Westlands. Waandike mtaa, aina ya duka, jinsia, umri wa kukadiria, jibu la kwanza na la pili. Kama jibu limekuja kwa Kiingereza, hilo nalo liandikwe, ni data. Kabla ya kutoka chuoni, kila jozi iandike inachotarajia kukipata na kwa nini. Usilegeze sharti hili, kwa sababu wasipoandika, watarudi wakisema walijua tangu mwanzo. Na wanunue kitu, hata peremende. Duka ni riziki ya mtu.

Katika kuhesabu, wafunze jambo moja na usichoke kulirudia: wasihesabu "ako" peke yake. Wahesabu kila nafasi ambapo mtu angeweza kusema ama ako ama yuko, kisha waone imekuwa ako mara ngapi. "Ako mara nane" haina maana mpaka tujue ni mara nane kati ya kumi au kati ya mia.

Mazungumzo ya kurekodiwa ni kazi nyingine na yana uzito wake. Labov alieleza tatizo ambalo kila mtafiti wa lugha hukutana nalo: tunataka kusikia jinsi watu wanavyozungumza wasipochunguzwa, na njia pekee ya kusikia ni kuwachunguza. Kwa Nairobi tatizo hili lina sura yake. Mwanafunzi wa chuo akitokea na daftari, anazungumziwa Kiswahili cha taarifa ya habari au Kiingereza. Dawa iliyonisaidia ni kuwaacha warekodi vikundi vyao wenyewe, watu watatu au wanne wanaojuana, wakiongea wenyewe kwa wenyewe, simu ikiwa mezani mpaka isahaulike. Labov alizoea kuwauliza watu kama wamewahi kukaribia kufa, kwa sababu mtu akisimulia hilo husahau kujichunga. Swali hilo usiwape wanafunzi wako. Katika mji uliopitia machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, hujui unafungua mlango gani, na mwanafunzi wa miaka ishirini hajui la kufanya msimulizi akianza kulia. Waulize juu ya siku yao ya kwanza Nairobi. Karibu kila mtu ana kisa cha kupotea, cha kupitishwa steji au cha kutapeliwa, na hukisimulia kwa lugha yake halisi.

Ridhaa iwe ya maandishi, na msimulizi aelezwe rekodi itahifadhiwa wapi na itafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu sauti ya mtu kama inavyohusu jina lake. Ulizia mapema kamati ya maadili ya chuo chako na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti, hasa kama mnakusudia kuchapisha au kuingia shuleni. Hata zoezi la dukani lipelekee kamati kwanza, maana pale mtu haombwi ridhaa. Watoto wasirekodiwe bila idhini ya wazazi.

Kisha kuna kunukuu, yaani kuandika kilichosemwa katika rekodi, na hapa kaa nao karibu. Mwanafunzi aliyefundishwa sanifu miaka kumi na miwili husafisha bila kujijua. Rekodi inasema "hao watu wenye walikam", naye anaandika "hao watu waliokuja". Hadanganyi. Mkono wake umezoea kusahihisha. Rekodi moja inukuliwe na watu wawili mbalimbali, kisha waketi pamoja na kila wanapotofautiana waisikilize rekodi tena. Dakika kumi za mazungumzo zinawatosha kwa muhula mzima. Wengi hutaka saa mbili za rekodi na hawamalizi hata robo.

Kuhusu insha, mimi hutenganisha vitu viwili ambavyo kalamu nyekundu huvichanganya. "Watu wenye walifika" ni umbo la mtaa, lina kanuni yake. Ondoa alama kama insha inataka sanifu, lakini pambizoni andika umbo la sanifu na utaje kanuni, siyo mkwaju tu. Umbo hilo hilo likiwa mdomoni mwa makanga katika mazungumzo yaliyomo ndani ya insha, limekaa mahali pake, liache. "Watu ambaye walifika" ni jambo jingine kabisa. Mwandishi wake alishatoka kwenye "wenye" anaelekea sanifu, ila ameibeba -ye kama kipande kilichoganda. "Kwa ofisini" vilevile: ameshika sanifu kwa mkono mmoja na mtaa kwa mwingine. Makosa haya yananifurahisha kama mwalimu, kwa sababu yananionyesha mtu aliye njiani, na yanahitaji somo la dakika tano juu ya ambaye, ambao, ambacho. Ukiyapiga mkwaju uleule kama yale ya kwanza, unamwambia aliyejaribu na asiyejaribu kwamba wako sawa.

Wasiwasi wa mwenzako uliwahi hata kufika mahakamani kwingineko. Mwaka 1979, huko Ann Arbor, Marekani, iliamuliwa kesi ambayo watoto weusi wa shule moja walikuwa wameishtaki bodi yao ya shule. Jaji Charles Joiner hakuamuru watoto wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Aliamua kwamba walimu lazima wasaidiwe kuitambua lugha hiyo na kuutumia ujuzi huo katika kufundisha kusoma Kiingereza sanifu. Shabaha ilibaki kuwa lugha sanifu. Lililobadilika ni kile ambacho mwalimu anapaswa kukijua.

Nimalizie na wanafunzi wako wa Pwani, ambao ndio walionigusa zaidi katika barua yako. Hali yao ni ya ajabu. Dakika moja wanachekwa kwa Kiswahili "kingi", dakika inayofuata wanageuziwa kama kamusi: "Hebu tuambie, hii ni sawa?" Vyote viwili vinachosha. Na katika insha huenda wanakatwa alama kwa "ndoo" badala ya njoo, au "kitwa" na "mato" badala ya kichwa na macho. Maumbo hayo hayo yakitokea katika shairi la Muyaka bin Haji, mshairi wa zamani wa Mombasa, tunawafundisha watoto kwamba ni uhuru wa mshairi. Muyaka hakuwa akijipa uhuru wowote hapo. Alikuwa akizungumza Kimvita cha kwao. Liseme hili darasani waziwazi, mbele ya wote, kabla hamjasoma ubeti wowote.

Usiwafanye waamuzi tena, wala usiwaite wasome kwa sauti ili wenzao wasikie lafudhi. Wape kazi ya watafiti. Masikio yao yanasikia "ako" ya Nairobi mara inapotamkwa, wakati aliyekulia mtaa wa Umoja hapo Nairobi haisikii kabisa. Katika zoezi la dukani, mpange mmoja wao na mwanafunzi aliyelelewa Nairobi: wa Nairobi aulize, wa Pwani asimame kando asikilize na kuandika. Siku ya pili wabadilishane nafasi, katika mtaa uleule lakini maduka mengine, ili mwone kama majibu yanabadilika muulizaji anapokuwa mtu wa Pwani.